Tingatinga Alikuwa Mtu

Ukitoka Ngome ya Yesu ukaingia Mji wa Kale, kushoto na kulia utakutana na maduka ya vinyago. Rafu za chini zimejaa mawe ya Kisii: vibakuli, viboko, vyombo vya kuwekea sabuni, watu wameshikana mikono kwa mviringo. Ukutani zimetundikwa picha za rangi ya kung'aa: twiga, chui wa madoadoa, tausi aliyefungua mkia, na nyuma yao rangi moja tupu, nyekundu au buluu. Muulize mwenye duka mawe yametoka wapi, atakujibu mara moja: Kisii. Muulize aliyeyachonga ni nani, atabaki kukutazama. Kisha muulize picha zile ni za nani. Atakwambia: hizo ni tingatinga.

Wengi wetu jibu hilo linatutosha. Tingatinga tunalijua kuwa ni lile gari kubwa la kuchimbua barabara, na kwenye picha tunalichukua kuwa jina la mtindo tu, kama vile kusema nakshi au kofia ya vito. Ni wachache wanaojua kwamba Tingatinga alikuwa mtu. Alizaliwa, akalima, akafanya vibarua, akaoa, akazaa, na akauawa kwa risasi akiwa na umri wa miaka 40. Brashi yenyewe aliishika kwa miaka minne hivi. Leo nataka tumzungumze marehemu huyu, kwa sababu habari yake inatuhusu sisi wa Pwani, na inawahusu vilevile ndugu zetu wa Kisii na Nyamira ambao jasho lao tunaliuza kila siku bila kuwataja.

Jina lake kamili ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, pande za Nakapanya, wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Wakati huo nchi ikiitwa Tanganyika na mtawala ni Mwingereza. Mama yake alikuwa Mmakua na Mkristo, baba yake Mwislamu, na jina la mtoto likabeba pande zote mbili. Kwa watu wa kusini hilo si jambo la ajabu. Wazazi walikuwa wakulima wa jembe la mkono, maskini, na mtoto hakusoma sana. Hakuna aliyempeleka chuo cha uchoraji, na hata angelitaka kwenda, huko kusini chuo kama hicho hakikuwako.

Alipokuwa kijana alifanya kama walivyofanya vijana wengi wa kusini. Alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Wazee wetu wanaikumbuka safari hiyo. Mkonge wa Tanga, na hata mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale upande wetu, uliwavuta watu kutoka kingo zote mbili za mto Ruvuma: Wamakua, Wamakonde, Wayao, Wangoni. Wengine hawakurudi tena. Wamakonde wa Kwale ni watoto na wajukuu wa wasafiri hao, na sote tunajua walivyokaa miaka mingi katika nchi hii bila kitambulisho, mpaka walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai haki yao, na mwaka 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Neno kutambuliwa wao wanaijua maana yake. Mtu asiyetambuliwa anaweza kufanya kazi maisha yake yote, na jioni akahesabiwa kuwa hayuko.

Kutoka Tanga, Tingatinga alishika njia ya Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950. Akapata kazi ya nyumbani na ya bustani kwa Mwingereza mmoja mtumishi wa serikali. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 mabwana wengi wa Kiingereza walifunga virago, na watumishi wao wakabaki kujitafutia. Akafanya vibarua vya hapa na pale. Alikuwa pia mtu wa muziki, akipiga ngoma na vyombo na wenzake kupata hela kidogo. Baadaye akapata kazi ya chini katika hospitali ya Muhimbili. Kwa ufupi aliishi kama wanavyoishi maelfu ya watu wa miji yetu: leo kazi hii, kesho ile, na mtu asiulize hati.

Ilipofika mwaka 1968 hivi ndipo alipoanza kuchora. Alivyofikia huko, wataalamu wanabishana mpaka leo. Wako wanaosema aliona picha zilizokuwa zikiletwa Dar es Salaam na wachoraji wa Kongo, akaona zinanunuliwa, akasema moyoni kwamba na yeye anaweza. Wako wanaosema picha zile alitoka nazo kwao, kwa kuwa Wamakua na Wamakonde wana desturi ya kuchora wanyama na watu kwenye kuta za udongo za nyumba zao. Mimi sioni kwa nini yote mawili yasiwe kweli. Mtu huona biashara mjini, na mkono wake ukafanya anachokumbuka kutoka nyumbani.

Vifaa vyake vilikuwa vya fundi wa mtaani. Turubai la wachoraji hakuwa nalo, na rangi za mafuta zinazouzwa kwa vichupa vidogo hakuwa na uwezo nazo. Alichukua hadibodi, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa darini, akazikata miraba ya kama futi mbili kwa mbili. Akanunua rangi ya makopo, ile inayopakwa baiskeli, inayokauka haraka na kung'aa kama kigae. Alipaka ubao wote rangi moja, ukikauka akamweka mnyama mmoja au wawili katikati: tembo, simba, chui, ndege wenye mikia mirefu. Hakujali kivuli wala umbali. Mnyama alikaa mbele yako mzima mzima, na jicho lake likikutazama. Chini pembeni akaandika jina lake kwa herufi kubwa: E. S. TINGATINGA.

Saini hiyo naomba msomaji uiweke akilini. Mtu aliyekuwa mtumishi wa bustani, asiye na cheti, alitia jina lake kwenye kazi yake tangu mwanzo. Hakungoja aambiwe na mtu kwamba sasa umekuwa msanii.

Soko lake lilikuwa Oysterbay, mtaa wa mabalozi na wageni, nje ya maduka yaliyoitwa Morogoro Stores. Picha zilipangwa chini ya mti, na wageni waliokuja kununua mboga na mkate waliziona wakapendezwa nazo. Wengi wao walikuwa Wazungu waliokuja na miradi ya misaada ya miaka hiyo, wakazichukua wakarudi nazo makwao. Ndiyo maana ukitaka leo kuziona picha alizochora kwa mkono wake mwenyewe, nyingi ziko Ulaya.

Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, wakazaa watoto. Kazi ilipoongezeka akaita jamaa na vijana wa kwao wamsaidie, na wakageuka kuwa wanafunzi: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, na Simon Mpata. Mwanafunzi alianza kwa kupaka rangi ya chini, akapanda kwenye kujaza mwili wa mnyama, mwisho akachora picha nzima. Ni utaratibu uleule tuujuao Pwani kwa mafundi wa jahazi na mafundi wa milango ya Lamu. Mtoto hushika msasa kwanza, randa baadaye, patasi mwisho. Kampuni ya serikali iliyoshughulika na sanaa nayo ikaanza kununua kazi zake. Hapo mtu angesema mambo yamemnyookea.

Lakini tutazame pia upande wa pili. Miaka hiyohiyo Tanzania ilikuwa na mchoraji mwingine mkubwa, Sam Ntiro, mtu wa Kilimanjaro. Ntiro alisoma Makerere, akaenda chuo cha Slade mjini London, mwaka 1960 picha yake ikaingia katika jumba la sanaa za kisasa la New York, na baada ya uhuru akawa balozi wa nchi yake Uingereza. Alistahili yote hayo, na sisemi haya kumpunguzia. Nataka tu uone tofauti. Ntiro alikuwa na vyuo, majumba ya maonyesho na vyama vya wataalamu vilivyoweza kusimama vikasema huyu ni wetu. Tingatinga hakuwa na yeyote. Kwa wasomi wa sanaa picha zake zilikuwa vitu vya watalii, vya kununua njiani kwenda uwanja wa ndege. Chama cha kumkaribisha hakikuwako, wala medali, wala cheti cha kutundika ukutani.

Usiku mmoja wa mwaka 1972 alikuwa ndani ya gari na wenzake mjini Dar es Salaam. Polisi walikuwa wakiwasaka wezi, wakadhani gari lile ni la watu wanaokimbia. Wakapiga risasi. Tingatinga akafa kabla ya kutibiwa. Mtu ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kuta za mabalozi, barabarani usiku hakuna aliyemtambua. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Hapo habari ingekwisha, kama zilivyokwisha za mafundi wengi. Fundi hufa, kazi ikatawanyika, na baada ya miaka ishirini hakuna ajuaye nani alikuwa nani. Kilichoizuia isiishe ni wale wanafunzi. Walikuwa vijana maskini, bwana wao kauawa ghafla, na wangeweza kila mmoja kushika njia yake. Badala yake walikaa palepale Morogoro Stores, wakaungana kufanya kazi pamoja, wakalibeba jina la mwalimu wao. Wakaleta ndugu zao kutoka Tunduru, wakawafundisha, nao wakafundisha wengine. Mwaka 1990 kundi hilo likasajiliwa rasmi kuwa chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Kwa kawaida msanii hutambuliwa na chama kilichomtangulia. Chama kipo, kina kanuni na wakubwa wake, msanii anagonga mlango, anapimwa, anakubaliwa. Kwa Tingatinga mambo yalikwenda kinyume. Chama kilichomtambua kilizaliwa kutokana naye, na kilikuja miaka 18 baada ya kufa kwake. Waliomthamini walikuwa watu wa kazi yake, waliojua ugumu wa kulinyoosha shingo la twiga kwa rangi ya kopo inayokauka kabla hujageuka. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Chanda hiki kilivikwa pete mwenyewe akiwa kaburini, na waliomvika ni wale aliowafundisha kushika brashi.

Manufaa yake yanaonekana. Mtindo ule umeenea Dar es Salaam yote, umevuka hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar, umefika kwetu Mombasa na Nairobi. Simon Mpata alihamia Kenya, akafa mwaka 1984, na picha zake zikapendwa sana Japani. Hoteli moja ya Wajapani kule Maasai Mara ilipewa jina lake. Mwaka 2010 shirika la utangazaji la Uingereza lilianza kuonyesha katuni za watoto zenye jina na mtindo wa Tingatinga, na kazi ya kuzitengeneza ilifanyika Nairobi. Picha alizotia saini mwenyewe, zilizouzwa kwa shilingi chache chini ya mti, leo zinapigwa mnada kwa maelfu ya dola. Nao matapeli wameziona hizo dola, wanaigiza saini yake.

Ubaya wake pia tuuseme. Jina la mwalimu limekuwa kubwa hata limewafunika wanafunzi. Mnunuzi husema nipe tingatinga, hasemi nipe picha ya fulani. Mchoraji wa leo anaweza kuchora miaka thelathini, akatia saini yake kila siku, na asijulikane zaidi ya mita kumi kutoka anapokaa. Chama kimemwokoa mmoja asisahauliwe, na bado kina kazi ya kuwaokoa wengi.

Sasa turudi dukani kwetu, tuiname rafu za chini.

Mawe yale yanachimbwa Tabaka, kusini mwa kaunti ya Kisii. Huchimbwa kwa mkono, kwa sururu na jembe, katika mashimo ambayo mvua ikinyesha huwa hatari. Mchongaji hulikata jiwe likiwa bado na unyevu kwa sababu ndipo linapokuwa laini, akalipa umbo kwa panga na kisu. Kisha kinamama na vijana hulisugua kwa msasa na maji mpaka ling'ae, wakalipaka rangi na kulichora maua. Ndipo anapokuja mchuuzi, analifunga kwa majani makavu au magazeti, na lori linaliteremsha Nairobi, Mombasa, Malindi, Diani. Kwa familia nyingi za Abagusii hiyo ndiyo karo ya shule. Kufika kwetu lile jiwe limepita mikono mingi, na kila mkono umeongeza bei na kufuta kidogo habari ya lilikotoka. Mwisho limebaki neno moja: Kisii.

Wala usidhani kwamba hawana mabingwa. Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, alichonga ndege wa amani anayeitwa Enyamuchera, na ndege huyo amesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Mmoja amefika Paris kwa jina lake. Waliobaki wanafika kila pembe ya dunia, ila hawana majina. Wachongaji wamejaribu kuungana katika vikundi na vyama vya ushirika, na juhudi hizo zinastahili kusaidiwa, kwa kuwa habari ya Tingatinga inatuonyesha kwamba chama cha mafundi chaweza kufanya lile ambalo serikali na vyuo havikulifanya.

Najua mwenye duka atanijibu kwamba mtalii hanunui jina, ananunua kiboko. Ni kweli leo. Lakini mwaka 1968 hata jina Tingatinga lilikuwa halinunuliwi. Lilinunuliwa kwa sababu liliandikwa, likarudiwa, na watu wa kazi ileile wakakubaliana kulilinda. Na liko jambo la sheria pia. Marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2019 yaliingiza haki ya msanii kupata sehemu ya bei kazi yake inapouzwa tena mnadani au kupitia wafanyabiashara wa sanaa. Ni haki nzuri, lakini utampa nani sehemu yake ikiwa hapana jina chini ya kazi? Haki inamfuata mwenye jina, asiye na jina hapati kitu.

Na kabla hatujawanyooshea kidole wachuuzi wa bara, tujitazame wenyewe. Milango ya Lamu na ya Mji wa Kale tunaipiga picha kila siku, tunaiweka kwenye kalenda na kwenye matangazo ya hoteli. Ni wangapi tunaoweza kumtaja fundi mmoja aliyeichonga? Jahazi linashinda mashindano, tunamsifu nahodha, na aliyelijenga tunamsahau. Wasuka mikeka na washona kofia, wengi wao mama zetu na bibi zetu, kazi yao inavaliwa Iddi kwa Iddi, na hakuna hata kikaratasi chenye jina.

Ombi langu ni dogo. Mwenye duka, utakaponunua mzigo mwingine kutoka Tabaka, muulize mchuuzi jina la mchongaji na kijiji chake, uliandike kwenye kikaratasi ulibandike chini ya jiwe. Chama cha wenye maduka ya vinyago kikikubaliana hivyo Mombasa nzima, wachuuzi watalazimika kuleta majina. Kaunti za Pwani, mnapoandaa maonyesho na tamasha, waiteni mafundi kwa majina yao, wa kwetu na wa Kisii na Nyamira. Nanyi mafundi, msingoje kuambiwa. Mtumishi wa bustani kutoka Tunduru hakungoja.

Tingatinga amelala Dar es Salaam zaidi ya miaka hamsini sasa. Siku ukipita tena Mji wa Kale na mtoto wako akakuuliza zile picha za twiga ni za nini, usimwambie ni tingatinga tu. Mwambie kulikuwa na mtu.